Jamii ya Mtu Mmoja

Mfumo ulimkataa Gramu siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, mbele ya foleni ya watu arobaini. Zilikuwa zimebaki wiki tano afanye mtihani wake wa mwisho wa upimaji ardhi, na alichokifuata dirishani ni namba ya mtihani tu. Karani aliingiza fomu yake kwenye kompyuta mara mbili, akakipiga mezani kile kipanya cha kubofya kama anayemwamsha mtu, kisha akamsomea kilichoandikwa kwenye kioo: jamii, moja tu. Gramu alikuwa amejaza mbili, ya baba yake na ya mama yake, kwa sababu juu ya fomu paliandikwa kwamba mwanafunzi ajaze ukweli. Karani akamwambia ukweli hauna ubaya, ila kisanduku ni kimoja.

Fomu ilikuwa ngeni. Mwaka uliotangulia wanafunzi walipigana bwenini kwa sababu ya pasi ya umeme, na kufumba na kufumbua wakawa wamegawanyika kwa lugha za kwao. Chuo kiliona aibu, kikafungua Ofisi ya Ujumuishi na Tamaduni, na ofisi hiyo, kwa nia njema kabisa, ikaamua kwamba hapatakuwa tena na mwanafunzi wa kuachwa peke yake. Kila mmoja awe na jamii, kila jamii iwe na chama, na kila chama kiwe na bango, banda na onyesho katika Wiki ya Tamaduni. Zilihesabiwa jamii sita. Asiye na jamii asipewe namba ya mtihani, ili asije akajikuta ametengwa.

Mratibu wa ofisi hiyo alikuwa mama mchangamfu mwenye beji tatu kifuani, asiyeweza kumwona mtu amesimama bila kumvutia kiti. Alimpa Gramu chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akasikitika kwa dhati. Kisha akaeleza kwamba kuandika jamii mbili kungemfanya ahesabiwe mara mbili, na huo ungekuwa upendeleo.

"Hatuwezi kukujumuisha, mwanangu," alisema, "mpaka tujue tunamjumuisha nani."

Akampa siku kumi.

*

Baba yake Gramu alikuwa fundi mizani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimejaa mizani za wauza nyama na wauza nafaka, mikono ya mizani hizo imening'inia, na kila asubuhi alianza kazi kwa kufuta mawe ya kupimia, moja moja, kwa kitambaa kisichotumika kwa kitu kingine chochote. Binti yake alipozaliwa mdogo mno, yeye mwenyewe alimpima kwenye mizani ya mteja, na jina la Gramu likaganda palepale. Mama yake alifanya kazi ya kufua hospitalini. Siku sita kwa wiki alikunja shuka, na vidole vyake vilikuwa vimezoea kulainisha chochote kilichowekwa mbele yake, hata gazeti, hata fomu ya chuo.

Fundi alipoisoma fomu ile hakuona pa kukwama. Alisema mtoto ni wa baba yake, aandike watu wa Bondeni, kesho arudi darasani. Mkewe alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakusema kitu, na Fundi, baada ya miaka ishirini na tatu ya ndoa, alijua kwamba kunyamaza kwa mke wake kulikuwa na aina zake, na hii haikuwa mojawapo ya zile nzuri.

"Andika wa baba yako," Mama alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Mimi nilikuwa mpita njia."

Jambo hilo halikuwa limewahi kuzungumzwa ndani ya nyumba ile. Watu wa Bondeni na watu wa Mlimani, kwao Mama, walikuwa na ugomvi wao huko walikotoka, lakini hapa paliongelewa Kiswahili, kodi ya nyumba, na jirani mwenye jogoo. Sasa kila mmoja akakumbuka mambo. Mama alikumbuka arusi ambayo hakupewa pa kukaa. Fundi alikumbuka jinsi wakwe walivyomwita yule wa Bondeni kana kwamba hakuwa na jina. Kufikia Jumatano alikuwa anakula karakanani katikati ya mizani zake, na habari zote za nyumba zilipitia kwa Gramu. Mwambie baba yako chumvi imekwisha. Mwambie mama yako nimesikia.

*

Alhamisi Gramu alikwenda kwenye chama cha Bondeni. Kamati ya usaili ilikuwa wanafunzi watatu waliokaa nyuma ya meza ya mwalimu, na mwenyekiti wao alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, mwenye adabu, aliyekuwa anaogopa kukosea kuliko Gramu mwenyewe. Walimwomba awasalimie kwa lugha ya nyumbani.

Gramu alijua sentensi moja tu ya lugha ile. Ndiyo ambayo bibi yake mzaa baba alikuwa anamwambia kila walipokwenda kumtembelea, yeye na mama yake, mara tu walipofika mlangoni. Akaisema vizuri, kwa sauti ya bibi hasa.

Wale watatu wakatazamana. Katibu akainamisha kichwa chini ya meza. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akamweleza polepole kwamba ile haikuwa salamu. Ni maneno ya kuwafukuzia mbuzi barazani. Huenda, alisema, bibi alikuwa anawafukuza mbuzi tu, na Gramu akaelewa vibaya kwa utoto.

Gramu akaafiki kwamba huenda ikawa hivyo. Alikuwa amefika getini ndipo akajikubalia lile alilolijua tangu mwanzo. Kwa bibi hakukuwa na mbuzi.

Kwenye chama cha Mlimani mambo yalianza vizuri. Salamu alizijua, za asubuhi na za jioni, kwa kuwa mama yake alimfundisha akiwa bado anabebwa. Lakini walitaka barua ya mjomba ya kumtambulisha. Jioni ile Mama akampigia simu kaka yake, akaweka sauti ya juu ili mikono ibaki huru, akaeleza kila kitu kwa upole. Mjomba alisikiliza, akacheka kidogo, akasema msichana ni wa watu wa baba yake, wa Bondeni, na hao ndio wamwandikie barua. Aliongeza kwamba mahafali angekuja bila kukosa, wamwarifu tu mapema.

Mama akakata simu. Alipogeuka, mumewe alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake mkononi, na amesikia yote. Angeweza kushangilia. Badala yake aliiweka sahani chini taratibu, akarudi karakanani, wakamsikia anasugua kitu ambacho kilishasuguliwa asubuhi.

Chama cha Mlimani hakikumfukuza Gramu. Walimwambia anakaribishwa kila Alhamisi kama mgeni rafiki, na wakamwonyesha kiti cha wageni marafiki. Kilikuwa karibu na mlango.

*

Siku ya kumi, Mratibu alikuwa amelala na tatizo lile na kuamka nalo, na sasa alikuwa na furaha ya mtu aliyepata jawabu. Alikuwa ameomba mfumo uongezwe jamii ya saba, na mfumo umekubali. Jamii hiyo itaitwa Wengineo, na Gramu ndiye mwanachama wake, wa kwanza na kwa sasa wa pekee.

Ila kanuni ni zilezile kwa wote, alisema, kwa sababu usawa ni usawa. Jamii ya Wengineo ilitakiwa iwe na mwenyekiti, katibu na mhazini. Ilitakiwa ifanye mkutano wa uzinduzi wenye akidi ya theluthi mbili ya wanachama, na hapo wakakaa kama robo saa wakijadiliana theluthi mbili ya Gramu ni kiasi gani, mpaka Mratibu akaamua kwamba akihudhuria mzima hakuna atakayelalamika.

Mkutano ulifanyika palepale ofisini, Mratibu akiwa mwangalizi. Gramu alifungua mkutano, akajikaribisha, akajipongeza kwa kufika kwa wakati. Uchaguzi ulikuwa wa siri, kwa hiyo Mratibu aligeukia ukutani. Kura moja ilipigwa, hakuna iliyoharibika. Gramu akashika nyadhifa zote tatu, akaandika kumbukumbu, akazisaini kama katibu, kisha akajipelekea azithibitishe kama mwenyekiti. Ajenda ya mwisho, kama ilivyo kwenye mikutano yote, ilikuwa mengineyo. Hakukuwa na mengineyo.

Lilibaki onyesho. Lilitakiwa liwe la dakika zisizopungua saba, la asili ya jamii yenyewe, lenye watu wasiopungua watatu. Wazazi waliruhusiwa kushiriki kama wazee wa jamii. Bila onyesho, jamii inafutwa, na namba ya mtihani haitolewi.

*

Jumamosi mchana familia ilikaa kutafuta utamaduni wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kukaa watatu chumba kimoja, ingawa mume na mke bado walikuwa wanazungumza kwa kumtazama binti yao. Fundi alipendekeza wimbo. Wakagundua kwamba wimbo pekee wanaoujua wote watatu, mwanzo hadi mwisho, ni tangazo la sabuni la redioni. Mama alipendekeza hadithi, lakini hadithi alizozijua zilikuwa za Mlimani, na mara akajirudi mwenyewe. Gramu akauliza babu zao walikuwa wanafanya nini. Baba akajibu kwamba babu zao, kama wangekutana, wangepigana.

Wingu likatanda. Mama akakumbuka shuka zilizokuwa kambani, akatoka mbio, na wengine wakamfuata bila kuambiwa. Zilikuwa shuka kuukuu ambazo hospitali ilizitoa kazini na kumruhusu achukue, kumi na mbili, kila moja ina muhuri wa buluu pembeni, WODI 4. Wakazibeba hadi sebuleni, wakaanza kuzikunja, kama kila Jumamosi.

Mama alishika upande wake, Gramu wake, wakarudi nyuma mpaka shuka ikakaza, wakaipiga mara moja hewani, wakasogeleana. Fundi akasimama katikati kupokea mkunjo. Yeye alikuwa hawezi kuvumilia kitu kisicholingana pande zote, kwa hiyo tangu zamani alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, vuta, njoo, na mguu wake unagonga sakafu. Mama alifika mbele ya binti yake, akamkabidhi pembe zake mbili, akainama kufuata ukingo wa chini. Wakaachana tena. Walipomaliza shuka ya kumi na mbili Gramu alitazama saa ukutani. Zilikuwa zimepita dakika tisa.

Akasema wamelipata.

Mama hakuelewa. Alipoelewa aliketi juu ya shuka zake. "Nisimame mbele ya maprofesa nikunje shuka? Mwanangu, mimi nakunja shuka siku sita kwa wiki, na hakuna hata siku moja mtu amegeuka kunitazama. Leo nikakunje wanicheke?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Fundi alichukua shuka ya juu, akaikunjua yote, akamtazama mkewe usoni.

"Mimi nitasimama mbele," alisema. "Wakicheka, waanze na mimi."

Jioni ile alikula mezani. Hakuna aliyetaja kitu, ila Mama alimpakulia yeye mwenyewe, na alipotaka chumvi alimwomba mumewe kwa mdomo wake.

*

Banda la Wengineo lilikuwa kati ya jenereta na vyoo. Gramu alikuwa amelitundikia bango lililoandikwa jina la jamii yake kwa mkono, na chini yake mezani aliweka mizani moja ya baba yake, kwa kuwa meza tupu ilikatazwa. Wageni walipita, wakasoma bango, wakauliza choo kiko wapi.

Jamii sita zilicheza kabla yao. Kulikuwa na ngoma, manyoya, na kijana mmoja aliyeruka juu hadi akaangusha kipaza sauti. Kisha Mratibu akawatangaza Wengineo, na familia ikapanda jukwaani, Fundi katika shati la kanisani, Mama katika gauni lake la kijani, Gramu nyuma na kapu la shuka. Walivaa nguo za kawaida kabisa. Watu wakadhani ni mafundi mitambo wamekuja kurekebisha kipaza sauti.

Shuka ya kwanza ilipokunjuliwa kicheko kilipita uwanjani kama upepo. Shuka ya pili vilevile. Pembe za Mama hazikukutana, na Fundi, aliyesimama mbele kama alivyoahidi, akahesabu kwa sauti kubwa zaidi, moja, mbili, vuta, njoo. Kwenye shuka ya nne mikono ya Mama ikasahau kwamba inatazamwa. Ikaanza kufanya kazi kama inavyojua, haraka, bila kosa, na kila kitambaa kilipopigwa hewani kililia kama ngozi ya ngoma. Kicheko kikapungua. Kufikia ya nane kulikuwa na watu waliokuwa wanagonga miguu kwa hesabu ya Fundi. Ya kumi na mbili ilipokaa juu ya rundo, pembe juu ya pembe, uwanja mzima ukapiga makofi.

Jaji mkuu alikuwa profesa mstaafu wa mila na desturi. Alishika kipaza sauti akawaelewesha watazamaji walichokiona. Kule kukutana na kuachana ni ndoa kati ya koo mbili zenye uhasama, alisema, na mwanamume wa katikati ni mpatanishi. Muhuri ule wa buluu ni alama ya ukoo wa nne, ambao huenda umetoweka. Kisha akamgeukia Mama kwa heshima kubwa, akamwomba, kama si siri, aeleze kwa nini ncha za nguo hukutanishwa mara nne.

"Ili zienee kabatini," Mama alisema.

Profesa akaandika. Akauliza, katika imani ya jamii yao, kabati ni nini.

Mama alimtazama mumewe, akaona hakuna msaada. "Ni kabati," akasema.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo. Mratibu alifuta machozi na hakuona haya. Mtu mmoja mwenye suti aliwafuata chini ya jukwaa kuwaalika wafungue mkutano wa mabenki mwezi unaofuata, siku ya Jumanne, na Mama akamshukuru, akamwambia Jumanne yuko zamu.

Gramu alipewa namba yake ya mtihani kabla jua halijatua.

*

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na safu sita. Ofisi ya Ujumuishi ilikuwa imetoa mwongozo kwamba wanafunzi wasikae kwa makundi, na kila safu iwe na angalau mtu mmoja wa kila jamii. Msimamizi aliusoma mwongozo mlangoni, akahesabu Wengineo waliokuwepo, akahesabu safu, akahesabu Wengineo tena. Akapiga simu. Aliambiwa mwongozo hauna nafasi ya kuvunjwa, ila una nafasi ya kutumiwa kwa busara.

Mtihani ulikuwa wa saa tatu. Kwa hiyo kila baada ya nusu saa Msimamizi aligonga kalamu mezani, na Gramu akainuka na karatasi zake, rula yake, kikokotoo chake na chupa yake ya maji, akahamia safu nyingine, akasaini mahudhurio ya safu hiyo, akaendelea. Swali la kwanza alilianza katika safu moja na kulimaliza katika nyingine. Kwenye safu ya tatu alijikuta pembeni ya yule mwenyekiti wa Bondeni, ambaye bila kuinua kichwa alisogeza kiwiko kumpa nafasi. Kwenye safu ya nne msichana wa Mlimani aliokota rula iliyoanguka, akaifuta, akaiweka sawa. Alipofika safu ya sita kiti kilikuwa kimeshavutwa, na hakujua ni nani aliyekivuta.

Alifaulu, tena vizuri. Barua ya matokeo ilifika nyumbani asubuhi, na Fundi akafunga karakana siku hiyo, jambo ambalo wateja wake walidhani ni msiba. Mchana ikaja barua ya pili, ya Ofisi ya Ujumuishi, kwa wazee wa jamii ya Wengineo. Ilisema kwamba kwa mujibu wa mahudhurio, watahiniwa sita wa jamii hiyo waliingia ukumbini, mmoja katika kila safu. Mmoja amefaulu. Watano hawakukusanya karatasi zao. Ofisi imeshtushwa na kushuka huku kwa elimu katika jamii changa, na inawaomba wazee wafike kesho saa tatu kujadili kinachowasibu vijana wao.

Gramu alisema atakwenda mwenyewe, ataeleza, ni kosa la mahudhurio tu. Mama alikuwa ameshaichukua barua, anailainisha juu ya goti. Aliisoma tena pale palipoandikwa wazee wa jamii, akatuliza kidole hapo.

"Wametuita sisi," alisema.

Asubuhi alivaa gauni la kijani, akamnyooshea mumewe kola ya shati. Gramu alikuwa anawasubiri nje, bado anawasihi wasiende kujisumbua. Mlangoni Mama akasita.

"Na wakituuliza tumetoka wapi?"

Fundi alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha limeshika, akatia ufunguo mfukoni.

"Tutawaambia tumetoka nyumbani," alisema. "Haya, twendeni, tusichelewe."